Kopo la Nta

Baba alinunua nta kabla ya gari.
Kopo la duara, bati jekundu, kifuniko cha kubana,
dola tisa, Kasumbalesa,
mwaka ule kazini walipowaahidi
malimbikizo ya miezi thelathini na mmoja.
Akasema: gari litajileta,
mng'ao ndio wa kupangia mapema.

Malimbikizo yakaja nusu. Nusu hiyo ikaliwa na karo.
Gari halikuja.
Nta ikabaki.

Sisi watoto tulijua kulihamisha kopo lile
kama wengine wanavyojua kumhamisha mgonjwa:
Oktoba, mabati ya Katuba yanapochemka,
tulilishusha uvunguni, kwenye saruji,
upande wa ukuta usiopigwa jua;
Juni, alfajiri inapouma vidole,
tulilirudisha kabatini, mbali na mbabula.
Lisilale kichwa chini. Lisione moto. Lisifunguliwe.
Mama aliuliza mara moja tu:
"Na mimi, Mwepu, unanihifadhi wapi?"

Leo ufunguo wa stoo ninashika mimi,
kwa Monga, tunapoosha magari njia ya Kipushi,
na ninajua umri wa kila kitu.
Shampuu ukiifungua na kuibana vizuri, miaka miwili;
ukiichanganya na maji kwenye bidoni, wiki,
halafu inanuka kama maua yaliyosahauliwa kaburini.
Maziwa ya ngozi hugawanyika, maji juu, uji chini:
tikisa; yakikubali kurudiana, tumia,
yakikataa usiyabembeleze.
Nyeusi ya matairi huanza kufa mdomoni mwa chupa.
Na kitambaa kikianguka kwenye vumbi letu jekundu
kimekufa palepale, hata kama ni kipya,
maana kesho kitachora mlango wa mtu.
Tarehe ninayoandika, kwa kalamu nene,
ni ya kufungua, si ya kununua.
Chupa huanza kuzeeka siku inapovuta pumzi.

Jumapili baba alikuja na kopo ndani ya mfuko wa plastiki,
kofia mkononi, kama mteja.
"Wewe ndiye fundi. Niambie kama imekufa."

Kifuniko kiligoma. Nikatumia kijiko.
Nta ilikuwa imejikunyata, imeachana na ukingo,
imepasuka katikati kama tope la Kafubu mwezi wa tisa.
Nikanusa. Ndizi, na mafuta ya taa kwa mbali.
Ningeweza kumdanganya upande wowote.
"Nta haiozi, baba. Inakauka tu.
Tuiweke juani dakika kumi."
"Juani?"
Miaka kumi na sita ya kivuli ilimpita usoni.
"Dakika kumi."

Ikalainika. Monga akamkaribisha kwenye boneti ya teksi;
akakataa, akashukuru, akarudi nyumbani kwa miguu
na kuupaka mlango wetu wa chuma, ule wa buluu,
viduara vidogovidogo, bila haraka,
mpaka Mama Kabedi wa ng'ambo akauliza
kama tunauza nyumba.

Mvua ya kwanza ilishuka Alhamisi usiku.
Alituamsha kwa tochi.
Ukutani maji yaliteleza mekundu,
yamebeba vumbi la miezi sita;
mlangoni yalijikusanya punjepunje,
yakasimama, kila tone kivyake,
kama watu waliokataa kusukumana kwenye foleni.
Baba aligusa moja kwa kidole. Likakimbia.
Akagusa jingine.
Mama, kikwembe kichwani, alitazama kidogo,
akatazama zaidi ya kidogo,
kisha akasema: "Haya, fungeni, baridi inaingia."

Asubuhi nililikuta kopo kabatini,
limebanwa, nta imebaki zaidi ya nusu,
na ubavuni, kwa kalamu yangu nene,
kwa mwandiko wa karani,
tarehe ya Jumapili.